Nyonga Inayouma Katika Uzee: Nikubali Kupasuliwa ama Nikatae?

Ndugu mpenzi, na wewe mama mpenzi, somo hili ni lako wewe ambaye miaka yako imekuwa mingi na nyonga yako inauma. Labda asubuhi unaweka mguu chini, na maumivu yanakukamata kabla hujasimama. Labda huwezi tena kuinama na kuvaa kiatu, wala kukata kucha za mguu. Labda umeacha kuja kanisani, si kwa sababu moyo umepoa, bali kwa sababu benchi liko chini sana na njia ni ndefu. Na sasa mtu amekuambia: Kuna wanganga wanaoweza kuondoa kiungo kilichoharibika na kuweka kingine kipya. Moyo wako unauliza: Nikubali? Nikatae? Nimekwisha kuwa mzee, itanifaa nini?

Hatutakuamuru katika somo hili kufanya hivi ama vile. Maneno haya ni yako, pamoja na jamaa yako na munganga wako. Lakini tunataka uchague kwa maarifa, si kwa hofu, wala kwa kusukumwa na watu.

1. Nyonga ni kiungo cha namna gani?

Siku nyingine ukila kuku, tazama mwisho wa mfupa wa paja. Utaona kichwa kidogo cha mviringo, na juu yake ngozi nyeupe, ngumu, inayoteleza. Mungu ameumba nyonga yako vivyo hivyo. Kichwa cha mfupa wa paja ni kama mpira mdogo, nacho kinakaa ndani ya kikombe kilicho katika mfupa wa kiuno. Ngozi ile nyeupe, jina lake gegedu, inafunika mpira na kikombe, ili mfupa usisuguane na mfupa.

Gegedu ikikwisha, mifupa inasuguana. Kiungo kinakuwa kigumu, mguu unaonekana kuwa mfupi, na mtu anachechemea. Sababu ni nyingi. Kwa wengine ni miaka na kazi nzito. Kwa wengine ni kuvunjika kwa zamani, ama ugonjwa wa nyonga wa utoto usiotunzwa. Wengine wamezaliwa na ugonjwa wa damu unaoitwa SS, nao unaweza kuua kichwa cha mfupa hata katika ujana. Pombe nyingi inaweza kukiua vilevile. Na dawa ile watu wanayonunua sokoni kwa kutuliza maumivu ama kunenepa, jina lake deksametasoni, nayo inaweza kukiua ikitumiwa siku nyingi pasipo munganga.

2. Maumivu yanaweza kujificha

Hapa nataka kuungama kosa langu mwenyewe, ili lisirudiwe.

Zamani mama mmoja mzee alikuja kwangu akisema, “Munganga, goti langu linaniua.” Nililitazama goti, nikalibonyeza, nikampa vidonge. Alirudi mara nyingi, muda wa karibu mwaka mmoja, na kila mara nilitazama goti. Siku moja munganga mkubwa alipita, akamlaza juu ya kitanda, akamkunja mguu na kuuzungusha polepole. Mama alilia kwa sauti. Goti lilikuwa zima. Nyonga ndiyo ilikuwa mbovu.

Jifunze jambo hili: maumivu ya nyonga yanasikika mara nyingi katika kinena, yaani pale paja linapoungana na tumbo, na katika paja, na mara nyingine katika goti peke yake. Maumivu ya matako na mgongo mara nyingi yanatoka katika uti wa mgongo. Kwa hiyo usikubali mtu yeyote akuambie kwamba nyonga yako imeharibika kabla hujapimwa na kupigwa picha ya mifupa.

3. Mambo yasiyongoja

Njoo hospitali upesi ukiona moja la mambo haya:

Umeanguka, na sasa huwezi kusimama, na mguu umekuwa mfupi na kugeuka nje. Huu ni mfupa uliovunjika. Usikandwe, usivutwe, usichanjwe. Mzee aliyevunjika nyonga hapaswi kulala nyumbani majuma mengi, kwa kuwa vidonda vya mgongo, ugonjwa wa mapafu na kuganda kwa damu vinamfuata kitandani. Inafaa apasuliwe katika siku moja ama mbili ikiwezekana.

Una homa pamoja na maumivu ya nyonga, ama unakonda, ama unatoka jasho usiku, ama maumivu hayakuachi hata ukilala kimya. Inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, ama kifua kikuu kilichoingia katika mfupa, ama uvimbe mbaya. Magonjwa hayo yana dawa zake na njia zake, na hayafanani na kuchakaa kwa gegedu.

4. Kabla ya kisu

Kama nyonga imechakaa tu, hakuna haraka. Kwanza tujaribu njia ndogo, kwa miezi kadhaa, kwa bidii.

Fimbo. Watu wengi wanaishika upande wa nyonga inayouma. Wamekosa. Kama nyonga ya kuume inauma, shika fimbo kwa mkono wa kushoto, na fimbo na mguu mbovu viende mbele pamoja. Ndipo uzito unapungua juu ya kiungo.

Uzito wa mwili. Mtu mnene akipunguza uzito, nyonga inapumzika.

Mazoezi. Usilale mchana kutwa. Nyama za paja zikikauka, kiungo kinabaki pasipo msaada. Tembea kidogo kila siku, pumzika, tembea tena. Ukilala chali, kunja mguu na kuunyosha polepole mara kumi, asubuhi na jioni.

Vidonge. Parasetamoli ni ya kwanza, kwa kiasi alichokuambia munganga. Ibuprofeni inasaidia zaidi, lakini inaweza kuchoma tumbo na kudhuru mafigo. Uitumie baada ya kula, kwa siku chache tu, na usiitumie pasipo kuuliza kama una kidonda cha tumbo, ugonjwa wa mafigo, wa moyo, ama tansio.

Nyumba. Inua kiti, inua kitanda, weka jiko juu ya meza ya udongo. Mambo haya ni ya bei ndogo, lakini yamewarudishia wengi furaha.

Wale wanaopita nyumba kwa nyumba na sindano, usiwape nyonga yako. Sindano chafu ikiingiza usaha ndani ya kiungo, mlango wa kupasuliwa vizuri unaweza kufungwa kabisa.

5. Kazi ya munganga mpasuaji

Kama njia hizi zimeshindwa, na maumivu yanakunyima usingizi na kukufunga nyumbani, hapo inafaa tuongee juu ya kupasuliwa.

Kazi hii si mpya. Munganga mmoja wa Uingereza, jina lake John Charnley, aliitafuta njia kwa miaka mingi. Katika mwaka 1958 alianza kutumia kikombe cha namna moja ya plastiki, lakini kilichakaa upesi, ikampasa kuwapasua wagonjwa wengi tena. Hakuificha hasara hiyo. Alitafuta plastiki ngumu zaidi, na katika mwezi wa Novemba 1962 alianza kuitumia pamoja na mpira mdogo wa chuma. Tangu siku hizo watu wengi sana katika dunia wametembea tena kwa njia iliyotoka katika kazi yake.

Kazi inafanyika hivi. Unachomwa sindano ya mgongo ili usisikie kitu toka kiunoni hata miguuni, ama unalazwa usingizi kabisa. Munganga anakata kichwa kibovu cha mfupa, anaingiza kipande cha chuma chenye mpira ndani ya mfupa wa paja, anaweka kikombe kipya katika kiuno, kisha anashona. Mara nyingi inachukua saa moja ama mbili. Siku ile ile ama kesho yake wauguzi watakusimamisha. Usiwakasirikie, kwa maana kusimama mapema kunakulinda na damu kuganda. Utatembea kwa magongo majuma kadhaa.

6. Faida na hatari

Faida ni kubwa. Wengi wanasema kwamba maumivu ya usiku yamekwisha katika majuma machache. Katika nchi ambazo kila mgonjwa anaandikwa katika kitabu na kufuatwa miaka mingi, imeonekana kwamba karibu watu 9 kati ya 10 wangali na kiungo kile kile baada ya miaka 15, na karibu 6 kati ya 10 baada ya miaka 25. Kwa hiyo mtu wa miaka 70 mara nyingi hatahitaji kupasuliwa tena. Mtu wa miaka 40 anaweza kuhitaji, na ndiyo maana wanganga wanawaambia vijana wangoje wakiweza.

Lakini ni kazi kubwa, na hatupaswi kuficha hatari. Usaha unaweza kuingia katika kiungo kipya. Katika hospitali nzuri unampata karibu mtu mmoja kati ya 100, lakini ukiingia ni taabu kubwa, na mara nyingine inapasa kuondoa chuma chote. Mpira unaweza kutoka katika kikombe. Damu inaweza kuganda mguuni na kupanda mapafuni. Mguu mmoja unaweza kuwa mrefu kidogo kuliko mwenzake. Na wachache wanakufa, zaidi wale wenye moyo dhaifu ama magonjwa mengine.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kupasuliwa utapimwa damu, sukari, tansio, moyo, mkojo na meno. Kama damu ni kidogo, utapewa dawa kwanza. Kama una kidonda mguuni ama jino lililooza, litatunzwa kwanza. Ukiambiwa kungoja, usidhani umefukuzwa. Mvutaji wa tumbaku aache mapema, kwa maana moshi unachelewesha kupona.

7. Maisha baada ya kurudi nyumbani

Hapa wengi hawafikiri mpaka wamekwisha kupasuliwa, na huzuni inakuja. Sikiliza vizuri.

Katika miezi ya kwanza, na mara nyingi siku zote, wanganga hawataki uchuchumae sana, wala ukae chini kabisa, wala upishanishe miguu. Sasa fikiri juu ya nyumba yako. Choo chako ni shimo la kuchuchumaa? Unapika moto ukiwa chini? Unalala juu ya mkeka? Unakaa juu ya kiti kifupi ukimenya mihogo? Mambo haya yote yatengenezwe kabla hujaenda hospitali. Fundi wa mbao anaweza kufanya kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo, kimo chake kama cha kiti cha meza. Kitanda kiwe juu. Kamba ama mti wa kushikilia uwe karibu na mlango.

Tena, kiungo kipya hakikurudishi kwenye umri wa miaka 20. Utatembea, utakuja kanisani, utalima kazi nyepesi baada ya miezi. Lakini kubeba gunia la mihogo mgongoni ama kuruka mitaro, uyaachie wajukuu. Na siku zote, ukipata jipu, homa, ama kidonda chenye usaha, njoo upesi upewe dawa, ili usaha usifike kwenye chuma.

8. Fedha

Katika nchi yetu ni hospitali chache zinazofanya kazi hii, na wengine wanasafiri hata Kampala, Kigali ama Nairobi. Usiulize tu, “Kupasuliwa ni dola ngapi?” Uliza hivi: Chuma ni cha bei gani, na kimo ndani ya bei hiyo? Damu je? Dawa? Chakula cha mtunzaji wangu? Njia ya kuenda na kurudi? Kurudi kupimwa baada ya majuma sita? Nani atanitazama kama kidonda kikiharibika? Na umwulize munganga pasipo haya: “Umefanya kazi hii mara ngapi?” Munganga mwema hatakasirika.

Usiuze shamba la pekee linalolisha wajukuu kabla hamjaketi wote na kuhesabu. Deni linaweza kuuma kuliko nyonga.

9. Nani anachagua?

Nirudi kwa yule mama wa goti. Tulipojua kwamba ni nyonga, watoto wake walikusanyika uani pamoja na shemeji yake. Mzaliwa wa kwanza alisema, “Tutauza ng’ombe, Mama atapasuliwa.” Shemeji alisema, “Mtu wa miaka 81 hapasuliwi. Mnataka kumwua?” Wakabishana mpaka jua likatua. Mama mwenyewe alikuwa jikoni akisikia yote, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza.

Niliingia nikakaa karibu naye. Nikamwambia, “Mama, wewe unataka nini?” Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, “Mwanangu, mimi sitaki kukimbia. Ninataka kuenda choo peke yangu, mkwe wangu asinishike kama mtoto. Hilo tu.”

Kumbe sisi wote tulikuwa tukibishana juu ya kisu, naye alikuwa akifikiri juu ya heshima yake. Alipimwa, na moyo wake ulikutwa dhaifu, miguu inavimba. Munganga alimweleza hatari yote wazi, naye akachagua kutopasuliwa. Watoto hawakuuza ng’ombe wote. Waliuza mbuzi mmoja, wakajenga choo kipya karibu na nyumba, chenye kiti na mti wa kushikilia. Mama alikitumia peke yake, fimbo katika mkono uliofaa, miaka mitatu, mpaka Bwana alipomwita.

Lakini usiseme, “Basi wazee wote wakatae.” Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, miaka 66, mkulima wa kahawa, moyo wake mzima na damu yake nzuri. Alikuwa halali usiku, naye aliacha kutembelea wagonjwa, kazi aliyoipenda. Alijaribu fimbo, vidonge na mazoezi mwaka mmoja, na hali ilizidi. Alimwita mke wake na watoto wote, wakahesabu fedha muda wa miezi minane, wakatengeneza choo na kitanda, ndipo akaenda. Juma la kwanza alijuta, kwa maana maumivu ya kidonda yalikuwa makali. Mwezi wa tatu alikuja kwangu kwa miguu yake. Nilimwuliza, “Baba Mzee, umepona?” Akacheka: “Nimelala usiku, munganga. Ulisahau kuniuliza kama ninalala.”

Mmoja alikataa, mmoja alikubali, na wote wawili walichagua vizuri, kwa sababu kila mmoja alijua alichokitaka, akaelezwa ukweli, akasikilizwa.

10. Je, kupasuliwa ni kukosa imani?

Wengine wanasema, “Nikienda kwa kisu nimeacha kumtegemea Mungu.” Kumbuka mfalme Hezekia. Aliomba kwa machozi, na Mungu alimsikia. Lakini nabii Isaya aliamuru vilevile kipande cha tini kiwekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa havikupigana siku ile. Omba, kisha pimwa.

Wengine wanasema kinyume, kwamba anayekataa kupasuliwa ni mwoga. Kumbuka Barzilai, mzee wa miaka 80. Mfalme Daudi alimwita kukaa naye Yerusalemu, lakini yeye alipima nguvu zake na miaka yake, akaomba kurudi mji wake. Mfalme hakumdharau, alimbariki. Na Yakobo alichechemea kwa nyonga yake, wala kuchechemea kwake hakukuondoa baraka yake. Kwa hiyo asicheke mtu ye yote fimbo ya mzee.

Ndugu mpenzi, usiogope kutuuliza. Njoo pamoja na mtu mmoja wa nyumba yako anayekusikiliza vizuri, na yale unayoyataka uyafikiri njiani, ili uyaseme wewe mwenyewe.

Maswali ya kufikiri nyumbani

1. Maumivu ya nyonga yanaweza kusikika katika sehemu gani za mwili?
2. Fimbo inashikwa kwa mkono gani?
3. Taja mambo mawili yasiyongoja, yanayotaka mtu aje hospitali upesi.
4. Katika nyumba yako, ni nini kingepaswa kutengenezwa kabla ya mzee kupasuliwa?
5. Je, katika jamaa yako kuna mzee ambaye watu wanabishana juu yake pasipo kumwuliza? Utamwuliza lini?
6. Kama wewe ndiwe mgonjwa: ni jambo gani moja unalotaka kulifanya tena? Liseme kwa munganga kwanza, kabla ya maneno mengine.